Marehemu Balozi

Bi Biubwa alikata roho alfajiri, nyumbani kwake Kaole, na mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa mwanawe mkubwa, Balozi Maulidi. Wala hakuwa mbali. Alikuwa hapo hapo Mlingotini, kwenye hoteli ya ufukweni yenye mabwawa mawili ya kuogelea, utadhani bahari imeisha maji, anapatanisha watu. Tatu, mdogo wake, ndiye aliyempigia. Alitegemea kumsikia kaka yake akilia, au basi hata anyamaze kidogo kama mtu aliyepigwa. Balozi akakohoa, akasema:

"Nimepokea taarifa hiyo kwa masikitiko makubwa."

Tatu akaitoa simu sikioni, akaiangalia, akairudisha. "Kaka, mama amekufa."

"Ndiyo. Nimepokea."

Ndivyo alivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atakuambia anafuatilia hali kwa karibu.

Kazi yake ni amani. Watu wakichinjana huko kwenye nchi zao, anaitwa yeye, anapanda ndege na sanduku lake la magurudumu, anakwenda kukaa katikati yao na chupa ya maji. Ukutani kwa mama yake picha zimejaa mpaka chokaa haionekani, na zote ni picha moja: wanaume wawili wamevaa suti wanashikana mikono, na nyuma yao katikati Balozi anatabasamu kama vile amewazaa. Kila picha ni mkataba. Na kila mkataba ulivunjika. Ule wa kwanza watu walirudi kupigana wajumbe wakiwa bado wanapanga foleni uwanja wa ndege. Akapandishwa cheo. Ule wa pili, mmoja wa wale walioshikana mikono akamtia mwenzake ndani. Balozi akavishwa nishani. Ule wa tatu nchi yenyewe ikapasuka vipande, naye akapewa udaktari wa heshima na chuo kimoja huko kwenye baridi, na tangu siku hiyo anataka aitwe Daktari Balozi. Kaole hakuna mtu mwenye pumzi hiyo.

Tatu ana duka la saruji na nondo pale Kerege, barabarani kabisa, na mafundi anawajua. Fundi akijenga nyumba tatu na zote zikaanguka, hapewi ya nne, anahama mkoa. Lakini kwenye amani, bwana, kila unapobomoa unaongezewa matofali.

Na huku nyumbani? Baba zake wadogo wawili waligombana kwa ajili ya mpaka wa minazi. Balozi akaja likizo, akawakalisha, akasema pande zote mbili zina hoja za msingi, akaunda kamati. Kamati nayo ikagombana. Mwanzo ulikuwa ugomvi mmoja, sasa hivi magomvi yapo matatu, na minazi hakuna anayeipanda, nazi zinaanguka zenyewe na kuota.

Safari hii pale hotelini alikuwa na watu wawili wa nchi moja ya huko mbali bara. Mmoja Kanali, ana tumbo na bakora. Mwingine Profesa, mwembamba, miwani imemkaa puani kama inataka kuruka. Watu wao wameuana mpaka wenyewe wamesahau nani alianza. Mazungumzo yalikuwa yamekwama, na unajua yamekwama wapi? Mlangoni. Kanali hataki kuingia baada ya Profesa, Profesa hataki kuingia baada ya Kanali. Balozi akaja na suluhisho, na alilisimulia kwa simu siku nzima kwa fahari: ukuta wa ukumbi ukatobolewa mlango wa pili. Wakaingia kwa pamoja, kila mtu kwake, wakakaa, wakanuniana. Hapo ndipo walipofika.

Na wiki hiyo hiyo wakubwa wa Balozi huko makao makuu walikuwa wanachagua mjumbe maalumu wa amani wa kanda nzima, cheo chenye bendera kwenye gari. Balozi alikuwa anakitaka kama mtoto anavyotaka chipsi.

"Nitakuja mazikoni na wageni wangu," akamwambia Tatu kwenye simu. "Wataona jamii yetu inavyoishi kwa utulivu. Ni fursa nzuri ya kujenga imani."

"Fursa?"

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu."

"Nimekuelewa vizuri, ndiyo maana nauliza. Sasa sikia. Bi Sihaba atakuja. Wewe ndiye wa kumjibu."

"Suala hilo nalifahamu. Litashughulikiwa."

Tatu akakata simu bila kuaga, maana hapo ndipo palipokuwa na roho ya msiba wote.

Bi Sihaba alikuwa mtani wa marehemu. Mnyamwezi. Babu yake alikuja pwani na misafara ya zamani ya kubeba pembe za ndovu, hakurudi, na ukoo ukabaki hapa ukazaliana. Yeye na Bi Biubwa walitukanana tangu wana meno yote mpaka wakabakiwa na machache, kila siku, kwenye kisima, kwenye harusi, mlangoni kwa daktari. Bi Biubwa alipolala kitandani mara ya mwisho, mkono wake umekuwa kama kijiti, alimshika Tatu akamwambia: "Nisitolewe kimya kama gunia. Sihaba anitukane mpaka mlangoni. Na ajibiwe. Nimekuachia wewe hilo." Tatu akasema ndiyo, mama. Kwa hiyo lilikuwa deni, na mtu wa kulilipa hakuwa yeye.

Maana kwa ukoo wao mtani hajibiwi na kila mwenye mdomo. Anajibiwa na mtoto wa kwanza wa marehemu. Awe mgonjwa, awe na aibu, hakuna udhuru. Mtoro wa Magomeni ni bubu wa kuzaliwa, na siku alipofiwa na baba yake alimjibu mtani kwa mikono, matusi mazito mpaka mtani akaomba poo. Anayesamehewa ni marehemu tu. Mtoto wa kwanza akiwa ametangulia mbele ya haki, anajibu anayemfuatia. Lakini akiwa hai na hajajibu, mtani anaondoka. Na mtani akiondoka kimya, utani umekufa. Msiba ujao mtajililia wenyewe.

Tusi moja tu. Ndicho alichotakiwa kutoa, mtu anayelipwa kwa kuongea.

Msafara ukafika baada ya adhuhuri, magari meusi, askari wa kusindikiza, na vijana wawili wa kamera. Watu wa Kaole nao, Mungu awasamehe, wengine waliacha kulia wakaenda kupiga picha na bampa. Balozi akashuka na kanzu iliyonyooshwa mpaka inakata. Akampa kila mtu mkono kwa mikono miwili, akasema "poleni sana" kwa watu waliokuja kumpa pole yeye. Wageni wake wakakalishwa kwenye mkeka chini ya turubai, Kanali mwanzo wa mkeka, Profesa mwisho wa mkeka, katikati wakawekwa wazee wa Kaole kama ukuta.

Ba'mdogo Husseni, mzee aliyekuwa anasimamia maziko, akamsogelea Balozi. "Maulidi, maiti ameshaoshwa, ameshakafiniwa. Tunamsubiri mtani tu. Una maneno?"

"Nimeandaa hotuba fupi."

"Hotuba?" Mzee akamtazama. "Haya."

Mara uwani kukazuka kelele. Bi Sihaba huyo. Amevaa gauni la kijani la marehemu, amelichomoa kwenye kamba ya nguo, na puani kaweka ile miwani ya marehemu iliyofungwa uzi. Anachechemea vile vile alivyokuwa anachechemea Bi Biubwa, mguu wa kushoto unauliza, wa kulia unajibu.

"Mnalilia nini kwangu?" akapaza sauti, na ilikuwa sauti yenyewe ya marehemu, mpaka Shufaa, binti wa Tatu, akaangusha kikombe. "Nani kafa? Na nani kapika bila kuniuliza?" Akaenda jikoni akafunua sufuria. "Toba! Mmeweka nazi! Nani kawaambia wali wangu unawekwa nazi? Wali wangu mimi ni maji na dua! Na samaki huyu mnamkaanga redio imezimwa? Fungulieni redio nyie, majirani wasisikie mafuta yanavyolia!"

Watu hoi. Na kweli ndivyo alivyokuwa, Bi Biubwa, mchoyo wa samaki hajapata kutokea. Wanawake wanacheka machozi yanatiririka, hujui lipi la kicheko lipi la msiba, na Tatu alihisi lile jiwe lililomkaa kifuani tangu alfajiri linasogea. Mama alikuwa amerudi dakika moja kuwaaga.

Jeneza lilipoinuliwa, Bi Sihaba akajitupa chini mlangoni, kifudifudi. "Hatoki! Ana ungo wangu tangu mwaka wa mafuriko! Mtu wa pwani huyu, alikuwa analala mpaka jua linampigia hodi, leo ndiyo ana haraka? Yuko wapi mwanawe? Yuko wapi huyo anayewapatanisha watu wasiomjua? Aje anijibu!"

Huko nje chini ya turubai, kumbe kuna mtu anacheka. Kanali. Tumbo linaruka.

"Kwetu hivi hivi," akawaambia wale wazee, Kiswahili chake cha huko kwao. "Zamani, kabla ya haya mambo. Watani wetu walikuwa watu wa ziwani." Akanyoosha bakora kuelekea mwisho wa mkeka. "Watu wa yule."

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Ninyi? Ninyi mkimzika mtu mnamwekea na fimbo ya kuchungia, akawaibie malaika ng'ombe."

Kanali akamkazia macho. Halafu: "Na ninyi mkisikia kambale wamepanda mto, mnamwacha maiti juani mnakimbilia nyavu. Mke wangu ndiye aliyemzika babu yako!"

"Mke wako alikimbilia kwetu kutafuta harufu ya samaki, alichoka kunuka maziwa ya mgando!"

Wakaangua kicheko wote wawili. Mzee mmoja wa katikati akasogea pembeni, kisha mwingine. Profesa akasogea kwenye mkeka kidogo. Kanali naye. Wiki nzima walitobolewa ukuta, na sasa wanasogeleana kwa matako kwenye mkeka wa msiba.

Balozi alikuwa amesimama na karatasi zake, akanasa maneno mawili tu: "akawaibie" na "mke". Damu ikamwisha usoni. Akaruka katikati yao mikono amenyoosha.

"Waheshimiwa! Tafadhali! Ninaomba radhi kwa niaba ya kila upande! Kauli hizo hazikuwa na nia mbaya!"

"Tulia, Balozi," Kanali akasema. "Tunaongea."

"Ndiyo, lakini hayapo kwenye ratiba!" Akawapungia askari. Wageni wakainuliwa kwa heshima zote, Kanali gari la mbele, Profesa gari la nyuma, milango ikafungwa. Wakabaki wanatazamana kupitia vioo vyeusi.

Kisha akageukia mlangoni. Bi Sihaba bado amelala chini, anapiga udongo na kiganja, "Aje anijibu! Aje!" Na kamera ya video inamwelekea. Balozi akainama kwa askari, akamnong'oneza. Askari wawili, vijana wa watu, hawajui utani wa huku, wakamshika bibi kwapani, mmoja huku mmoja huku, wakamwinua.

Watu wakaguna. Bi Sihaba hakupigana. Alijitoa mikononi mwao taratibu, akavua lile gauni la kijani, akabaki na lake la chini, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kizingitini na miwani juu yake.

"Basi," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Mzikeni."

Akaondoka.

"Maulidi," Ba'mdogo Husseni akasema, "unajua ulichofanya?"

"Nimepunguza mvutano, Baba mdogo."

Tatu alikuwa ameshatoka mbio, kanga inamdondoka. Alimkuta Bi Sihaba barabarani, kwenye benchi la duka la jirani, ameshika kikombe cha maji, hanywi.

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba, mwanangu."

"Rudi. Nakuomba."

"Nirudi wapi? Nimefukuzwa na mwenye msiba." Akakiweka kikombe chini. "Nimemtukana mama yako maisha yangu yote, Tatu. Leo ilikuwa mara ya mwisho. Halafu natolewa kama mwizi wa kuku, na nimemuandalia mengi. Kuna moja la meno yake, nilikuwa nalitunza." Akajifuta na upindo wa kanga. "Ningeweza kumjibia mimi mwenyewe, lakini siyo halali. Kaka yako aje. Asije na askari, aje na mdomo."

"Alasiri ikiadhiniwa wanamtoa."

"Basi kimbia."

Balozi alikuwa kando ya gari, anaongea na simu kwa Kiingereza. Tatu akaichukua ile simu mkononi mwake akaikata.

"Kamtukane Bi Sihaba."

"Tatu, hebu tulia. Hisia ziko juu—"

"Neno moja. Mwite mbeba mizigo. Mwambie ana kichwa kama fenesi. Chochote! Mama anakungojea wewe mle ndani, kaka. Amelala, amefungwa, anasubiri mwanawe wa kwanza atoe tusi moja atoke kwa heshima."

"Siwezi kutumia lugha ya udhalilishaji mbele ya vyombo vya habari. Unajua wiki hii ni wiki gani kwangu?"

"Najua ni siku gani kwa mama."

Akavuta pumzi, akajinyoosha kanzu. "Nitaonana naye. Siku zote nipo tayari kwa mazungumzo."

Akaenda. Na wanakamera nyuma yake, na nusu ya watu wa Kaole nyuma ya kamera. Ba'mdogo Husseni naye akaja na mkongojo wake. Wale wageni walishateremsha vioo. Bi Sihaba alipomwona akainuka pale kwenye benchi, akajiweka sawa, macho yakamwaka. Mikono kiunoni. Amejiandaa kupigwa tusi.

"Bi Sihaba," Balozi akaanza, "ninatambua mchango wako mkubwa katika historia ya familia hii. Kama kuna upande wowote uliojisikia vibaya kutokana na matukio ya leo, hilo linasikitisha. Ninaamini kwamba kwa moyo wa maridhiano tunaweza, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye—"

Bi Sihaba akamgeukia Tatu. "Mwanangu, huyu kameza redio?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya, cha kumvua mtu nguo. Balozi akatabasamu lile tabasamu la ukutani. Akaendelea. Akasema "mchakato". Akasema "wadau". Huko msikitini mwadhini akajaribu kipaza sauti, fuu, fuu, na Tatu akaona mama yake anatolewa kama gunia. Akaona pia kwamba kaka yake huyu atasimama hapa mpaka kesho akiongea na hatasema kitu, kwa sababu hana. Kilikuwepo zamani. Wakiwa wadogo Maulidi alikuwa na mdomo mchafu kuliko watoto wote wa Kaole. Wamekimaliza huko mahotelini, kidogo kidogo, kama sabuni.

Akasogea akasimama mbele ya watu.

"Ba'mdogo, mtoto wa kwanza akiwa marehemu, nani anajibu?"

"Anayemfuatia," mzee akasema.

"Basi mimi ninayemfuatia natangaza msiba wa pili. Kaka yangu Maulidi amefariki."

Kukapita "Eeeh!" moja ndefu. Balozi akacheka kidogo, akawaangalia wenye kamera. "Ni majonzi. Dada yangu ana majonzi."

Bi Sihaba akamsogelea mpaka pua kwa pua. Hakuwa anatania. "Maulidi mwana wa Biubwa. Nakuuliza mbele za watu. Wewe mzima au maiti? Kama mzima, nitukane."

Hapo sasa. Kamera inamtazama. Kanali anamtazama, Profesa anamtazama. Kwa muda mfupi sana Tatu akadhani tusi litatoka, maana jicho la kaka yake lilirudi kuwa la utotoni. Akafumba mdomo, akafumbua.

"Kwa sasa," Balozi akasema, "sina la kusema."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Bi Sihaba.

Na watu wote wakaitikia, wengine kwa mzaha, wengine kwa mazoea, maana maneno yale ukiyasikia mdomo unayafuata wenyewe.

"Nani anamfuatia?"

"Mimi!" Tatu akajifunga kanga kiunoni. "Mimi, mbeba mizigo wee! Babu yako alifika hapa na pembe kichwani, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya! Akaonja akasema wapishi wa huku mmezidisha chumvi! Wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, na siyo kwa mapenzi, alisahau njia! Leo mjukuu wake anamdai mama yangu ungo! Ungo uliutoa wapi wewe, kwenu si mnapepetea kwenye kofia?"

Bi Sihaba akapiga ukelele mmoja wa furaha, akakimbia, bibi yule anakimbia na magoti yake mabovu, mpaka kizingitini, akalitwaa gauni la kijani akalivaa nje ndani, akajitupa mlangoni. "Hatoki! Mchoyo huyu hatoki! Meno yake ya mbele aliyang'oa mwenyewe asije akamchekea mtu bure!" Na Tatu juu yake anamjibu, na wanawake wanapiga vigelegele na kulia, mpaka ungo ukaletwa, mpya kabisa, akavishwa kichwani kama kofia, akagaagaa pembeni. Njia ikafunguka. Mama akatoka kwa kelele zote hizo, mwadhini naye juu yao, hasikiki.

Jeneza lilipopita kwenye magari, milango miwili ikafunguka. Kanali akatupa bakora yake, akaweka bega. Profesa akaweka bega upande wa pili. Ba'mdogo Husseni akawaachia. Walikuwa wanakwenda wanatukanana kwa lugha yao, kwa kunong'ona, hatua kwa hatua, Kanali jasho, Profesa miwani imehamia kidevuni.

Na Balozi? Alikuja mbio akajipenyeza nyuma yao. Katikati. Akatabasamu. Kijana wa kamera akapiga.

Hiyo picha ndiyo iliyozunguka dunia. Wakubwa wake wakasema ni mbinu mpya ya usuluhishi, kutumia mila. Bendera ya gari akapewa. Kanali na Profesa walirudi kwao, na huko, wanasema, wanapigiana simu wenyewe kutukanana, mlango wa pili hawaulizi tena. Balozi hilo hulieleza kwenye mikutano, masimulizi yakifika kwenye msiba anasema "mama yangu mzazi" na kunyamaza kidogo. Huko anajua kunyamaza.

Lakini Kaole ni Kaole. Akimpigia Tatu dukani, vijana wa kupakia saruji wanapokezana: "Dada Tatu, marehemu yuko kwenye simu!" Baba zake wadogo walipokaa tena kuhusu minazi, akatuma salamu na mapendekezo yake, Ba'mdogo Husseni akasema maiti hana kura. Siku hiyo wakagawana mpaka, na kamati ikavunjwa.

Arobaini ya Bi Biubwa alikuja, na gari la bendera. Khitma ikasomwa, watu wakala, wali umejaa nazi. Akasimama kuongea. Hakuna aliyemzomea. Watu waliendelea tu kula na kuombana chumvi, kama vile upepo umepita. Akabaki amesimama na karatasi yake.

Bi Sihaba akaweka sahani chini, akamwendea. Akamwambia kwa upole, kwa mara ya kwanza na ya mwisho: "Nitukane, baba. Tusi moja tu. Ufufuke ukae na wenzako."

Tatu aliacha kutafuna.

Balozi akakunja karatasi. Akamtazama bibi, akamtazama dada yake, akalainisha koo.

"Bi Sihaba," akasema, "ninathamini sana—"

Bi Sihaba akavua kanga yake ya juu, akaikung'uta, akamfunika uso. Kisha akarudi kwenye sahani yake. Na chini ya kanga Balozi akaendelea kumshukuru.